Mistari ya Bomba

Kuopio, Novemba, saa tisa alasiri,
na giza limeshaingia jikoni bila hodi.
Uti wa mgongo, keti nami tuongee,
wewe uliyenipunguzia sentimita nne
bila kunipa risiti.

Rafu ya vikombe haikupanda. Mimi ndiye niliyeshuka,
kidogo kidogo, kama mshumaa,
hata siku ile nilipoinama kufunga kiatu
ukalia ndani yangu, ta! kama ukuni mkavu,
na picha ya hospitali ikaonyesha pingili moja
imebonyea mithili ya mkebe uliokanyagwa.

Wakanipa dawa. Dozi kamili, siku ya kwanza,
kama mtu amwagaye ndoo nzima kwenye chungu cha ua.
Usiku huo moyo ulikimbia pasipo miguu,
miguu ikakakamaa pasipo safari;
nililala bafuni, shavu juu ya vigae,
kwa sababu sakafu peke yake haikuwa ikizunguka.
Asubuhi nikaificha dawa kwenye friji
nyuma ya chupa ya jamu ya mwaka juzi.
Wiki tatu.
Päivi, binti yangu, akipiga simu
namwambia, "Naendelea vizuri."
Ulinisikia. Ukanyamaza. Mifupa haina umbea.

Daktari Kettunen, kijana, soksi zake hazifanani,
hakunigombeza. Aliuliza tu,
"Mama Irmeli, unaweza kuvumilia kiasi gani?"
Mimi! Niliyepima vifurushi posta
miaka thelathini na mmoja,
nijuaye gramu moja inavyogeuza bei ya stempu,
sikuwahi kuwaza kwamba mwili nao una mizani
na karani wake ni mimi.

Muuguzi akanionyesha bomba la sindano, mistari mitano:
"Huu wa chini, wiki mbili. Usiruke.
Ukizidiwa, piga simu, usijifiche."
(Nani alimwambia habari za jamu?)

Mstari wa kwanza: chozi la mbu.
Nikachoma usiku, nikiwa nimeketi kitandani,
glasi ya maji mkononi, nikingoja ghasia.
Haikuja ghasia. Kichefuchefu kilipita mlangoni,
kikachungulia, kikaenda zake.

Mstari wa pili: kizunguzungu, dakika ishirini.
Naandika kwenye daftari la zamani la posta,
safu ya uzito, safu ya saa, safu ya malalamiko.

Haba na haba, husema watu, hujaza kibaba;
hawasemi kwamba kibaba nacho
kina haki ya kutapika.

Mstari wa tatu, Januari, ulinitupa.
Moyo ule ule, vigae vile vile.
Nikapiga simu. "Rudi wa pili," akasema Kettunen,
kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa.
Nami nililia, uti wangu, nisikufiche,
nikasimama dirishani nikiufuta uso.

Chini, jirani yangu Veikko alikuwa ziwani
na mtaimbo wake: anagonga barafu, anasikiliza,
anapiga hatua, anagonga.
Barafu ikilia, anarudi pale alipotoka
na kupangusa pua.
Hasemi ameshindwa. Anasema ni Jumanne.

Wiki nne kwenye wa pili, basi. Kisha wa tatu,
na safari hii ukapita.

Sasa ni Machi. Niko wa nne.
Alhamisi bado misuli ya ndama inanikaba alfajiri,
naisugua, naitukana kwa lugha ya karakana ya marehemu baba.
Nakaa ukingoni mwa kitanda kabla sijasimama;
nilikuwa sijui kwamba dakika kumi
zina ndege wengi hivyo.
Päivi nimemwambia yote, hata jamu.
Alicheka, kisha akakasirika, kwa mpangilio huo.

Siombi unirudishie zile sentimita.
Kikombe nimekihamishia rafu ya chini.
Shika tu hizi zilizobaki,
nami nitashika kalamu, daftari na saa.

Mstari wa tano bado.
Upo. Nauona.
Hatudaiani.